Namna ya kusema siasa kwenye msiba wa umma bila kuwakanyaga wafiwa

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Igoma, Mwanza. Daftari langu ni la michango na mahudhurio, lakini kwa kuwa nimezoea maiki ya msibani, watu huniletea maneno yao niyapitie kabla hawajayatoa: diwani, mchungaji, mwenyekiti wa bodaboda, vijana wa chama tawala na wa upinzani, wakati mwingine siku hiyohiyo, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyenipigia. "Katibu, shikamoo. Hebu nipitie hili, nisije nikaonekana natafuta kiki." Haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza, usiitetemekee sana ile kauli ya "tusiingize siasa kwenye msiba." Ni kauli nzuri kwa msiba wa nyumbani. Bibi wa watu kafa kwa uzee, halafu wewe unasimama kudai katiba mpya. Hapo umekosa adabu na hata wali wa msibani utaula umeinamisha kichwa. Lakini kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kilikuwa mali ya serikali, kikiendeshwa na wakala wa serikali, TEMESA. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa tu walizidi 220. Ukimwambia mtu wa Ukerewe kwamba kuuliza habari za hesabu hiyo ni kuingiza siasa, atakuuliza siasa yenyewe ilikuwa wapi wakati watu wanapanda.

Tena mwangalie anayewahi kuitoa kauli hiyo. Mara nyingi ni mwenye ofisi iliyotakiwa kuzuia jambo lile. Kwa hiyo kauli yenyewe ni ya kisiasa kama ilivyo ya anayelaumu, ila imevaa kanzu.

Basi swali la adabu si kama useme au usiseme. Ni useme nini, lini, na ukiwa umesimama wapi.

Pima kwanza kama uhusiano upo

Kabla hujaunganisha vifo na sera, tafuta mahali halisi ambapo uamuzi wa mtu mwenye dhamana uligusa kilichotokea. Usipopaona, nyamaza hadi upaone.

Kwenye kivuko ni rahisi: kuna chombo, cheti cha ukaguzi, nahodha, mtu wa gatini anayekata tiketi. Jengo lililoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, lilikuwa la mtu binafsi, lakini kibali cha ujenzi hakitoki kwa mtu binafsi, na wanaotakiwa kupita kuangalia kama kuna mtu anachimba chini ya ghorofa lililojaa wapangaji wana mishahara ya umma. Uhusiano upo, ila una watu wawili ndani yake, mwenye jengo na mkaguzi. Ukimtaja mmoja ukamwacha mwingine, umeshaanza kampeni.

Maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalikuwa na ugumu wake. Tope liliposhuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80, simu zilijaa maelezo ndani ya saa chache. Mmoja anasema volkano imeamka, mwingine anasema ni mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu viongozi walikuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28 na neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Wataalamu walipopanda mlimani walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua ikameguka. Hapo tabianchi unaweza kuitaja, kwa sababu mvua ilikuwepo, lakini huwezi kusema ndiyo iliyoua kana kwamba una barua yake. Hoja iliyokuwa imara zaidi ilikuwa ya chini kabisa: nani anaruhusu watu wajenge kwenye njia ya maji, na nani ana kazi ya kuwaonya? Hiyo haikupata wasemaji wengi. Ni ya halmashauri, haina ndege ya kwenda Dubai.

Kuna na msiba ambao chanzo chake hakina siasa, lakini kinachofuata kinayo. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 halikutumwa na mtu. Aliyeilaumu serikali kwa ardhi kutikisika alijichekesha. Swali la haki lilikuja na michango: fedha zilizochangwa kwa jina la waathirika ziende kwenye majengo ya umma, au kwa walioangukiwa na nyumba zao? Hilo lilikuwa la kuulizwa kwa sauti, na halikumvunjia heshima marehemu yeyote.

Saa ya kusema

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, na ndipo ninapotumia muda mrefu na vijana wangu.

Wakati watu bado wako majini au chini ya kifusi, andika kinachosaidia: hospitali ipi inahitaji damu, ndugu waende wapi kutambua watu wao, barabara ipi iachwe wazi kwa magari ya wagonjwa. Kariakoo kulikuwa na watu chini ya zege wanaoongea kwa simu na walio juu. Katika saa kama hizo, mtu anayepanga maneno kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa uliokuwa ufanyike tarehe 27 mwezi huohuo ni mtu wa kuogopwa, awe wa chama gani.

Lakini kuna swali moja la kisiasa linaloruhusiwa saa hiyohiyo, na mimi nasema ni wajibu: swali linaloweza kubadilisha uokoaji wenyewe. MV Nyerere ilipopinduka mchana, giza likaingia, uokoaji ukasimamishwa hadi alfajiri. Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai, alikuwa amejihifadhi mahali penye hewa ndani ya chombo. Sasa fikiria mtu aliyeuliza usiku ule wa kwanza: taa ziko wapi, wapiga mbizi wako wapi, nani ameamua tusimame? Yule hakuwa anatafuta kiki. Vilevile ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika mapema ni wavuvi na mitumbwi yao, na wananchi wakavuta kwa kamba. Kuuliza boti ya zimamoto iko wapi wakati kamba inavutwa ni sehemu ya kuvuta.

Kipimo changu ni kifupi. Jibu la swali lako likipatikana sasa hivi, je, kuna mtu anaweza kutoka hai? Kama ndiyo, piga kelele. Kama hapana, subiri mazishi.

Wakati wa mazishi kaa kimya kuhusu chama. Kuhusu chanzo unaweza kusema sentensi moja, tena baada ya familia kusema yao. Wafiwa wenyewe wana ruhusa ya kusema lolote wanalotaka, hata matusi. Wewe huna kazi ya kuwasahihisha wala kuwashangilia. Nimewahi kusikia baba mzazi akimwambia mkuu wa wilaya mbele ya jeneza maneno ambayo mwanasiasa angelala nayo mahabusu. Mwanasiasa wa upinzani aliyekuwa jirani yangu alianza kupiga makofi. Nikamshika mkono. Lilikuwa neno la baba yule, lisigeuzwe la chama.

Baada ya kuanua matanga, usikae tena. Watu wengi wenye staha hukosea hapa: wanangoja arobaini, wanangoja "hali itulie," na hali ikitulia hakuna anayesikiliza. Serikali zetu zina desturi ya kuunda kamati au tume haraka. Baada ya Kariakoo, Waziri Mkuu aliunda kamati jengo likiwa bado linafukuliwa. Kamati hupewa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo inayotakiwa kuchunguza. Swali lako lisipoingia humo, halitajibiwa hata kama kamati itafanya kazi kwa uaminifu. Kwa hiyo siku tatu au nne baada ya mazishi ndizo za kusema kwa nguvu zote: "Tunaomba kamati ichunguze pia hili na hili." Kauli hiyo haimtukani mtu na ina uzito kuliko maandamano mengi.

Sentensi yenyewe

Vijana huniletea kitu kama hiki: "Chama hiki kimewaua watu wetu tena. Damu yao iko mikononi mwenu. Mwakani tutakutana kwenye sanduku la kura."

Kwanza, "kimewaua" ni tuhuma ya mauaji, na hujashika ushahidi. Pili, "watu wetu": umewauliza lini kama ni wako? Katika kila ajali kubwa kuna marehemu aliyekuwa na kadi ya chama unachokitukana, na mama yake anasikia. Tatu, sanduku la kura limeletwa kabla sanduku la maiti halijashushwa. Nne, ambalo ndilo kubwa kwangu, hakuna anayeweza kuijibu sentensi hiyo. Ofisi iliyozembea itafurahi sana kuipata, maana itajibu matusi na kuacha hoja.

Mimi ningeandika: "Tunawapa pole wafiwa wa Ukara na Ukerewe. Kivuko kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Tunaiomba TEMESA itueleze nani alikuwa na kazi ya kuhesabu abiria gatini siku ile, na Wizara itueleze kivuko kilikaguliwa lini mara ya mwisho na nani alisaini."

Angalia kilichobadilika. Kuna ofisi, kuna namba, kuna tendo, kuna maswali mawili ambayo mtu halisi anatakiwa kuyajibu. Kijana mmoja aliniambia, "Katibu, hii haina moto." Nikamwambia apeleke zote mbili kwa mtumishi wa wakala halafu atazame ni ipi inayomkosesha usingizi.

Kama uliwahi kusema kabla ya ajali, sema kwamba ulisema, utoe na tarehe. Baada ya MV Nyerere, John Mnyika wa CHADEMA alieleza kwamba chama chake kilikuwa kimelalamikia hali ya kivuko kile mara nyingi. Watu walimwona anatumia msiba. Mimi sikumwona hivyo. Aliyepiga kelele kabla ana haki ya kukumbusha baada, na kumnyamazisha ni kuwaambia wote watakaotaka kuonya kesho kwamba onyo lao litazikwa pamoja na watu. Ila aliyekijua kivuko siku kilipozama tu, aanze kwa unyenyekevu.

Kuhusu idadi, uwe bahili. Miili iliyopatikana ni hesabu moja, waliotajwa kutoonekana ni nyingine, na makadirio ya watu wa sokoni ni ya tatu. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, ambayo makaburi yake yako hapa kwetu Igoma, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 800 na 1,000, na makadirio yamebaki makadirio hadi leo kwa sababu orodha ya abiria haikuwa kamili. Orodha isiyo kamili ni kosa lenyewe. Lisemee hilo badala ya kuchagua namba kubwa kuliko zote ili hoja inone. Zaidi ya hapo, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Unaweza kuipinga sheria hiyo, na sababu zipo, lakini usiipinge kwa namba uliyoisikia kwa dereva wa daladala.

Picha, majina, sare na bahasha

Picha ya maiti usiiweke, hata uso ukiwa umefunikwa kwa rangi. Watu hutambua kitenge. Jina la marehemu litumie kama familia imekubali, na "familia" maana yake msemaji aliyeteuliwa na kikao cha ukoo. Binamu aliyekutumia ujumbe saa nane usiku hahesabiki.

Walionusurika na waokoaji nao waachiwe nafasi. Kijana Majaliwa Jackson, mvuvi wa Bukoba, alivuma nchi nzima kwa kusaidia uokoaji wa ndege ile; akapewa shilingi milioni 1 na ajira kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili pongezi. Lakini katika siku zile zile alikuwa bango la kila upande: huku ni ushahidi wa serikali inayojali, kule ni ushahidi wa serikali isiyo na vifaa. Hoja ya vifaa ingesimama vizuri bila uso wake.

Sare za chama kwenye msiba wa umma ni hapana, kwa wote. Fulana yenye picha ya mgombea ukiivaa kubebea jeneza, ndugu watakumbuka fulana. Magunia ya msaada yenye bango la mheshimiwa pia ni sare, ya unga.

Rambirambi ikabidhiwe kwa familia au kamati yake, kwa risiti, picha moja ikibidi. Lakini wenye dola nao wajue kwamba kuzuia rambirambi ni kuingiza siasa kuliko kuitoa. Baada ya ajali ya basi la shule ya Lucky Vincent kule Karatu, Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, meya wa Arusha, ambaye alikuwa wa upinzani, alikamatwa na polisi shuleni pamoja na viongozi wa dini na waandishi wa habari walipokwenda kukabidhi pole. Yule aliyetoa amri ile aliifanya bahasha kuwa habari kubwa kuliko watoto kwa siku kadhaa.

Ukiwa wewe ndiye mwenye ofisi

Diwani wangu hunijia na "ajali haina kinga" na "kazi ya Mungu haina makosa." Ya pili ni ya mchungaji na shehe, waachie. Wewe sema ulichokabidhiwa.

Kama unaona huu si wakati wa kulaumiana, taja wakati wenyewe. "Leo tunazika. Jumatatu saa nne nitakuwa ofisi ya kata na mhandisi, maswali yote yaje." Ukisema "si wakati wake" bila kutaja siku, kila mtu anaelewa kwamba wakati hautafika.

Kujiuzulu tumekusahau, lakini kupo. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuwa yeye aliyewatesa. Julai 2012, baada ya MV Skagit kuzama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, waziri wa miundombinu wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, ikiwa haijatimia hata mwaka tangu MV Spice Islander izame Nungwi. Hakuna aliyesema wametumia msiba kisiasa. Kinyume chake Mwinyi alikuja kuwa Rais. Kuvunja bodi mbele ya kamera ni jambo tofauti: bodi inaondoka, aliyeiteua anabaki amesimama.

Ikishapita

Kumbukumbu ya mwaka ni mahali pazuri pa kuuliza, na kila tarehe 21 Mei makaburini kwetu ningependa maswali yawe mengi kuliko mashada. Mwenye ratiba aweke sala kwanza, kisha majina, kisha mtu wa bandari au wa usalama wa vyombo vya majini asimame aeleze abiria wa ziwa wanahesabiwaje siku hizi. Dakika kumi zinatosha.

Ripoti ya kamati usiingoje kwenye taarifa ya habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia ruhusa ya kuiomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja ajali, tarehe, jina la kamati na unachotaka: ripoti nzima, au sura ya mapendekezo, au orodha ya mapendekezo yaliyokwisha kutekelezwa. Usiweke lawama hata moja humo ndani. Saini watu watatu au wanne, mmoja wao mfiwa kama yuko tayari, nakala kwa mbunge. Peleka kwa mkono, wapige muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, na uandike tarehe ukutani kwenye kalenda. Siku ya 31 unarudi na nakala hiyo, unamsalimia katibu muhtasi, unakaa.